Fedha ya Mazishi Ilipwayo Kabla ya Kifo: Asili Yake na Sheria Zake



Kamati imeona vema kwamba kitabu cha mwaka huu, pamoja na hesabu za fedha na orodha ya marehemu wetu, kiwe na maelezo ya jambo ambalo limezungumzwa mara nyingi katika mikutano yetu hapa Nyacheki bila kumalizika. Jambo lenyewe ni hili: je, ni salama kulipa fedha ya mazishi kabla ya kifo? Wako wanaotaka tuendelee kuchanga mtu akiisha kufa, kama tulivyozoea. Wako wanaotaka kila mwanachama alipe kidogo kidogo kila mwezi, ili siku yake ikifika fedha iwe tayari. Na wako vijana wetu wa Nairobi wasemao kwamba kazi yote ipewe kampuni, nasi tupumzike. Sikusudii kuamua shauri hilo hapa, maana ni la mkutano mkuu. Nakusudia kueleza limetoka wapi na sheria imesema nini juu yake, kwa kuwa njia hizo 3 si kitu kimoja mbele ya sheria, ingawa mwisho wake wote ni kaburi.

Tofauti iko hapa. Mtu akichangia msiba uliokwisha kutokea, shilingi yake hutoka mkononi na kuingia kazini siku ile ile. Lakini alipaye leo kwa kifo cha baadaye hutoa fedha itakayokaa kwa mtu mwingine miaka 5, au 20, au 40. Katika muda huo wote fedha hiyo ni ya nani? Mataifa mengi yamejibu swali hilo kwa taabu, na mara nyingi baada ya watu kupoteza mali.

Zamani katika Gusii mazishi hayakuwa na bei. Mtu alizikwa nyumbani kwake, upesi, na kaburi lilichimbwa na jamaa na jirani. Mwanamume alilazwa upande wa kuume wa nyumba yake na mwanamke upande wa kushoto, wala hapakuwa na sanduku la kununua wala gari la kukodi. Hata hivyo wazee wetu walijua vizuri maana ya kutoa leo ili upate kesho. Risaga ilikusanya majirani kulima shamba la mtu mmoja au kujenga nyumba yake, na egesangio iliunganisha watu wachache waliofanya kazi kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Haikuandikwa popote, lakini kila mtu alikumbuka nani alikuja na nani alikaa kwake. Deni la jasho lililindwa kwa aibu, na aibu ilitosha kwa sababu wadaiwa na wadai waliishi kwenye kilima kimoja.

Umbali ndio uliovunja mpango huo. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kilimo cha majani ya chai huko Kericho mwaka 1924 na 1925, vijana wa Kisii walikwenda kuchuma, na wengine walifika Nairobi na Mombasa. Mtu akifa huko, mara nyingi alizikwa huko huko, na habari ilifika nyumbani baadaye. Barabara na magari yalipoongezeka, jamaa walianza kudai kwamba mwili urudi. Hapo ndipo mazishi yalipopata bei: kuhifadhi maiti, sanduku, gari la zaidi ya kilometa 300, chakula cha wasindikizaji. Aibu peke yake haiwezi kununua petroli. Wafanyakazi wa makabila mbalimbali wakaunda vyama vya kusaidiana mijini, na kusafirisha maiti kukawa moja ya kazi zao kubwa. Chama cha Luo Union kilijulikana sana kwa kazi hiyo.

Serikali ya kikoloni iliviangalia vyama hivyo kwa jicho la polisi. Sheria ya vyama ya mwaka 1952, mwaka ule ule wa kutangazwa kwa Hali ya Hatari, ilidai kwamba vyama viandikishwe. Baada ya Uhuru ikaja Sheria ya Vyama iliyoanza kazi Februari 1968, nayo ikaagiza chama kiwe na katiba, kiweke vitabu vya hesabu, kifanye mkutano mkuu kila mwaka na kupeleka taarifa kwa Msajili. Ni mambo mema, lakini ukiisoma utaona kwamba ilijali zaidi nani anakutana na nani, na kwa kusudi gani, kuliko fedha ya mjane. Mwaka 1980 vyama vikubwa vya kikabila viliagizwa kuvunjwa. Timu ya mpira ya Abaluhya ikageuza jina na kuitwa AFC Leopards. Vyama vidogo vya kijiji na vya ukoo viliendelea kwa jina la vikundi vya kujisaidia, vikipewa cheti na maofisa wa maendeleo ya jamii bila sheria ya Bunge iliyotungwa kwa ajili yao. Hali hiyo ilidumu mpaka Sheria ya Uandikishaji wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, inayotaka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10 na kiwe na katiba yake.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatulitambui. Chama kilichoandikishwa kwa Sheria ya Vyama si mtu mbele ya mahakama. Hakiwezi kushtaki wala kushtakiwa kwa jina lake, ila kwa majina ya viongozi wake. Kwa hiyo fedha tunayoiita ya chama imo katika majina ya watu, na watu hao nao watakufa.

Kwa kuwa sheria yetu ilijengwa juu ya sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, yafaa tutazame Waingereza walipitia nini. Maskini wa Uingereza walikuwa na vyama vya mazishi kabla hawajafika kwetu. Walichanga peni kila juma, wakaziweka katika sanduku, na sanduku likawekwa kwa mwenye kilabu cha pombe. Mara nyingine alifilisika, na wadai wake wakalichukua pamoja na viti na mapipa. Ndipo Bunge lao likatunga sheria mwaka 1793, ijulikanayo kwa jina la George Rose, iliyosema kwamba kanuni za chama zithibitishwe mbele ya mahakimu, mweka hazina aweke dhamana, na akifa au akifilisika, fedha ya chama aliyo nayo ilipwe kwanza, kabla ya madeni yake mwenyewe. Kwangu mimi kifungu hicho cha mwisho kina thamani kuliko vingine vyote, maana kilijibu swali letu: fedha iliyo mkononi mwa mweka hazina si mali yake, hata siku ya kufa kwake.

Baadaye waligundua hatari ya pili ambayo haikutokana na wizi. Chama cha vijana wenye afya kilionekana tajiri, kwa kuwa hawakufa wengi. Walipozeeka pamoja, na vijana wapya wakajiunga na chama kingine cha ada ndogo, sanduku lilikwisha wakati wa kulihitaji. Mwaka 1819 sheria ikataka majedwali ya michango yakubaliwe na watu 2 wenye ujuzi wa hesabu hizo. Na mwaka 1875 waliweka mpaka wa fedha ya kifo cha mtoto: pauni 6 kwa aliye chini ya miaka 5 na pauni 10 kwa aliye chini ya miaka 10, kwa kuhofia wazazi wasije wakauona msiba kuwa faida. Hofu hiyo, kwa maoni yangu, ilikuzwa sana na matajiri waliowadharau maskini, lakini kanuni yenyewe ina busara.

Hata Waingereza hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1816 lilionekana jiwe katika mji wa Lanuvium, kusini ya Rumi, lililochongwa kanuni za chama cha mazishi cha mwaka 136 baada ya Kristo. Wanachama walikuwa watu wadogo, na watumwa miongoni mwao. Juu kabisa waliandika ruhusa ya baraza la serikali ya Rumi, iliyokubali watu wakutane kuchanga kwa mwezi kwa ajili ya mazishi. Ada ya kuingia ilikuwa sesterti 100 na mtungi wa divai njema, na mchango wa mwezi ulikuwa asi 5, yaani sesterti 15 kwa mwaka. Mwanachama akifa, zilitolewa sesterti 300, na 50 kati ya hizo ziligawanywa kwa waliohudhuria mazishi. Fanyeni hesabu, wazee: hulipa miaka zaidi ya 13 kabla ya kufikisha 300. Afaye mapema huzikwa kwa fedha ya wenzake, na waishio sana ndio wanaowalipia.

Aliyeacha kulipa kwa muda uliowekwa hakuzikwa na chama, hata kama aliacha wasia. Aliyefia mbali kupita maili 20, ikiwa habari ililetwa, walichaguliwa watu 3 kwenda kumzika, wakatoa hesabu bila udanganyifu na kupewa sesterti 20 kila mmoja za safari. Ikionekana wamedanganya, walilipa mara 4. Ikiwa habari haikuletwa, aliyemzika alirudishiwa gharama kwa hati yenye mihuri ya raia 7. Hakuna mdai wala bwana wa marehemu aliyeruhusiwa kudai chochote kwa chama, isipokuwa ametajwa kuwa mrithi. Na mtumwa akifa, bwana wake akakataa kwa ubaya kuutoa mwili, alifanyiwa mazishi ya sanamu. Waliongeza kwamba mwenye malalamiko ayalete siku ya mkutano, asiharibu karamu, na aliyefanya fujo karamuni alitozwa sesterti 12. Nadhani wengi wetu tungependa kanuni hiyo itumike katika matanga ya Bobasi.

Nimekaa juu ya jiwe hilo kwa sababu katiba nyingi za vyama vyetu hazijafika hapo lilipofika. Tunaandika kiasi cha mchango na adhabu ya kuchelewa mkutanoni. Hatuandiki ni nani atakayepokea fedha ikiwa mjane na ndugu wa marehemu hawapatani, wala mwanachama aliyelipa miaka 12 akakosa miezi 4 ana haki gani.

Sasa tuje kwa sheria ya nchi yetu ya leo. Bima inaongozwa na sheria ya mwaka 1984 iliyoanza kazi 1987, na tangu 2007 iko mamlaka ya kuisimamia. Mtu haruhusiwi kufanya biashara ya bima bila kuandikishwa. Aahidiye kulipa kiasi fulani mtu akifa, kwa malipo yaliyotangulia, amekaribia sana mlango wa bima, hata akijiita chama au kampuni ya majeneza. Kwa hiyo neno lililoandikwa katika katiba lina uzito. Tukiandika kwamba jamaa wa marehemu watapewa msaada kutoka katika fedha iliyopo, tumeahidi jambo moja. Tukiandika kwamba watalipwa shilingi kadhaa, iwe hazina ina kitu au haina, tumeahidi jambo lingine zito zaidi, na viongozi wanaweza kudaiwa. Mwaka 2020 zilitolewa kanuni za bima ndogo kwa watu wa kipato cha chini, na kikundi kama chetu chaweza kuwakatia wanachama wake bima ya mazishi kwa kampuni iliyoandikishwa. Walakini uandikishaji si kinga kamili. Shirika la Kenya National Assurance, lililokuwa mali ya Serikali yenyewe, lilianguka mwaka 1996, na Blue Shield iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2011. Kenya ilianzisha mfuko wa kuwafidia wenye bima, lakini fidia yake ina kiwango na haiji mbio. Maiti haingoji.

Njia ya tatu ni kumlipa mwenye kazi ya mazishi mapema: sanduku, gari, hema na yote, kwa bei ya leo. Kwa mapatano ya namna hii Kenya haina sheria ya pekee. Tunayo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, inayotaka mapatano ya huduma itakayotolewa baadaye yawe katika maandishi na mnunuzi apewe nakala yake. Ni msaada, lakini nakala ya karatasi haizuii kampuni kufilisika. Kampuni ikianguka, aliyelipa mapema husimama katika mstari pamoja na wadai wengine wasio na dhamana, nyuma ya benki.

Uingereza iliona jambo hili wazi mwaka 2022. Sheria yao iliwaruhusu wauzaji wa mazishi ya kulipia kabla wasichukue leseni, mradi fedha iwekwe amana kwa wadhamini au ikatiwe bima. Mwezi Machi mwaka ule kampuni ya Safe Hands ilianguka ikiwa na wateja wapatao 46,000, na fedha iliyoonekana katika amana ilikuwa pungufu sana. Tarehe 29 Julai mwaka ule ule ndipo mamlaka yao ya fedha ilipoanza kuwasimamia wauzaji wote kwa leseni. Wengi wa wale 46,000 walikuwa wazee waliolipa ili wasiwasumbue watoto wao. Neno amana lilikuwako katika mkataba, ila hapakuwa na jicho la mtu mwingine juu yake.

Liko pia jambo ambalo fedha haiwezi kulinunua. Mtu akilipa mapema na kuandika mahali atakapozikwa, maandiko hayo hayawafungi watakaobaki. Katika shauri la Williams la mwaka 1882, mahakama ya Uingereza ilisema kwamba maiti si mali ya mtu, na maagizo ya marehemu juu ya mwili wake hayana nguvu ya sheria. Bibi mmoja aliyeagizwa na rafiki yake auchome mwili wake, akatimiza, hakurudishiwa gharama zake. Kwetu sisi shauri kubwa ni la wakili S. M. Otieno, aliyefariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake Wambui alisema kwamba marehemu alitaka kuzikwa karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ulidai azikwe kwao kwa desturi ya Kijaluo. Mahakama ya Rufani iliwapa ukoo haki tarehe 15 Mei 1987, naye akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei, zaidi ya miezi 5 baada ya kufa. Yeyote anayenunua mazishi yake mapema na ajue kwamba ananunua sanduku na gari. Mahali hapanunuliwi kwa mkataba wa duka, bali huhitaji mapatano na jamaa.

Upande wa pili wa kanuni hiyo humsaidia maskini. Kama maiti si mali, basi haiwezi kushikwa kuwa rehani ya deni. Huko Uingereza jaji alikwisha kusema hivyo mwaka 1804. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Mombasa, katika shauri juu ya hospitali ya Pandya Memorial, ilikataa kabisa desturi ya kuzuia mwili kwa ajili ya ada ya matibabu. Deni hubaki deni, na hospitali yaweza kulidai katika mali ya marehemu, lakini mwili na uende nyumbani. Kanuni hii haijulikani vijijini. Jamaa wengi waliendelea kuuza ng'ombe na kukodisha mashamba kwa haraka ili wapewe mwili, na chama kikatumia fedha ya mazishi kulipa madeni ya hospitali. Nakumbusha pia kwamba Sheria ya Urithi, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 1981, inamtaka msimamizi wa mirathi alipe gharama za mazishi ya kadiri kutoka katika mali ya marehemu. Imesema ya kadiri, na hema 4 pamoja na vipaza sauti si lazima viwe ndani ya neno hilo.

Neno la mwisho ni juu ya simu. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, michango ya watu wetu walioko mbali hufika kwa dakika moja, na hilo limeokoa misiba mingi. Lakini katika vikundi vingi fedha hutumwa kwa namba ya mweka hazina mwenyewe. Akifa leo usiku, fedha hiyo huonekana kuwa yake, na jamaa zake watakwenda kuidai kama urithi. Sanduku la kilabu cha pombe limerudi, nasi hatuna kifungu cha mwaka 1793 cha kulitoa. Dawa yake si ngumu: akaunti kwa jina la chama, saini za watu 3, na taarifa ya benki isomwe mkutanoni.

Kwa hiyo kamati inaleta mbele ya mkutano mkuu vifungu vya kuongezwa katika katiba yetu, bila kujali ni njia ipi kati ya zile 3 itakayochaguliwa. Navyo vinahusu mwanachama mwenye malimbikizo, mtu atakayepokea fedha, aliyefia mbali na nyumbani, na fedha iliyo mikononi mwa kiongozi aliyefariki au kuondoka. Rasimu iko kwa katibu, imeandikwa kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, na mwanachama yeyote aweza kuisoma au kusomewa kabla ya siku ya mkutano.